Mshenga wa Nyumba Mbili: Mhadhara juu ya Maji ya Betri



Mezani hapa mbele yenu, watu wa Muheza, nimepanga vitu ambavyo hapana hata mmoja wenu asiyevijua. Kuna machungwa matano yaliyochumwa asubuhi ya leo. Kuna misumari ya bati na vipande vya waya wa shaba. Kuna chupa ya maji ya betri, niliyoinunua dukani karibu na stendi. Na kuna betri ya gari iliyokwisha kufa, ambayo fundi mmoja wa mji huu ameniazima kwa sharti la kumrudishia kesho. Nimevileta kwa sababu jambo ninalokusudia kulieleza jioni hii, ijapokuwa mabingwa wa Ulaya, Japani na Marekani wanalishughulikia katika maabara za gharama kubwa, kwa asili yake ni jambo la jikoni na la karakana, na mtu yeyote mwenye macho na subira aweza kulifahamu.

Jambo lenyewe ni hili. Watu wanapoitaja betri, hutaja madini yake: risasi, nikeli, kobalti, lithi. Madini ndiyo yanayouzwa kwa kilo, ndiyo yanayoibiwa usiku, ndiyo yanayoandikiwa mikataba baina ya mataifa. Lakini kati ya madini na madini, ndani ya karibu kila betri tunayoichaji na kuichaji tena, pamekaa kitu cha tatu ambacho aghalabu hakitajwi, nacho ni kiowevu kinachoyaunganisha. Na dai langu, ambalo nitajitahidi kulithibitisha mbele yenu, ni kwamba umri wa betri, usalama wake, na sehemu kubwa ya madhara yake kwa binadamu na ardhi, vimo katika kiowevu hicho, na kwamba taksiri yetu kubwa ni kukidharau kwa kuwa kinafanana na maji. Wataalamu hukiita elektroliti. Mafundi wetu husema maji ya betri na asidi. Na wazee waliotufundisha Kiswahili fasaha walikuwa na neno zuri la kitu kikali namna hiyo, wakakiita tindikali.

Natwaa chungwa moja. Nalibingirisha mezani kwa kiganja, kama afanyavyo mtoto anayetaka kulifyonza, ili vifuko vya maji vilivyomo ndani vifunguke. Upande mmoja nachomeka msumari wa bati, ambao kama mjuavyo umepakwa zinki ili usishike kutu. Upande wa pili nachomeka waya wa shaba, nikiangalia visigusane. Kipimo kinasoma pungufu kidogo ya volti moja. Machungwa yote matano nayaunganisha kwa mfuatano, msumari wa hili kwa shaba ya lile, na katika ncha mbili zilizobaki nafunga taa hii nyekundu isiyozidi punje ya hindi. Naomba taa za ukumbi zizimwe. Mwaona? Mwanga ni hafifu, lakini upo.

Sasa umeme huu umetoka wapi? Mtoto atajibu kuwa umetoka katika chungwa, na mtu mzima naye pengine atajibu hivyo hivyo. Hakika ni kwamba nguvu imetoka katika zinki, ambayo inaliwa polepole tangu nilipouchomeka msumari. Chungwa limetoa njia tu. Mtu akitaka kuhakikisha, na achukue msumari na waya huu huu, avichomeke katika kipande cha ubao mkavu: madini ni yale yale, lakini taa haitawaka hata akikesha. Kilichokosekana ni yale maji makali ya chungwa.

Sisi watu wa pwani tunaye mtu anayefanana na kiowevu hiki, naye ni mshenga. Nyumba ya kuumeni ina haja, na nyumba ya kukeni ina haja, lakini adabu haziruhusu nyumba mbili zikabiliane uso kwa uso kabla ya wakati. Hivyo mshenga huingia huku akatokea kule, akibeba neno la hawa kuwapelekea wale, mpaka mambo yakaiva na shangwe ya harusi ikapita barabarani kwa ngoma na vigelegele, kila mtu akaiona. Katika betri, shangwe ipitayo barabarani ni elektroni, yaani chembe ndogo za umeme zinazopita katika waya wa nje na kutuwashia taa. Na mshenga apitaye uani ni ayoni, yaani chembe zilizobeba umeme ambazo huogelea ndani ya kiowevu kutoka bamba hata bamba. Mshenga akikataa kwenda, shangwe husimama papo hapo, hata ikiwa nyumba zote mbili ni tajiri. Na ikiwa kiowevu si kiaminifu, kikaziachia elektroni nazo zipenye kwa ndani pasipo kuzunguka kwa nje, nguvu yote hupotea bure na taa isipate kitu. Basi elektroliti njema ina sifa tatu: huzipitisha ayoni kwa wepesi, huzizuia elektroni kwa ukali, na hustahimili kukaa baina ya nyumba mbili zenye hasira pasipo yenyewe kuharibika. Sifa hii ya tatu ndiyo ngumu kuliko zote, na kwa ajili yake watu wamehangaika zaidi ya miaka mia mbili, tangu Mwitaliano Alessandro Volta alipotangaza betri yake mwaka 1800, iliyokuwa ni visahani vya shaba na zinki vilivyotenganishwa kwa vipande vya kitambaa vilivyoloweshwa maji ya chumvi.

Aliyetuachia majina haya ni Michael Faraday wa Uingereza, mwana wa mhunzi, aliyeanza maisha kwa kujifunza kazi ya kujalidi vitabu. Mwaka 1834 alichapisha neno elektroliti pamoja na neno ayoni, ambalo kwa asili yake ya Kiyunani maana yake ni mwenda, yaani kitu kilicho safarini. Lakini hao wenda walitoka wapi? Jibu lililetwa mwaka 1884 na kijana wa Uswidi, Svante Arrhenius, aliyedai kwamba chumvi ikiyeyuka katika maji, chembe zake huachana zenyewe, nyingine zikiwa na umeme wa chanya na nyingine wa hasi, hata kabla hujaunganisha waya wowote. Walimu wake wa Uppsala waliliona dai hilo la ajabu, wakampa daraja la chini. Na mwaka 1903 dai hilo hilo likampatia Tuzo ya Nobel ya kemia. Niwaonyeshe ukweli wake. Bilauri hii ina maji ya chupa ile ya dukani, ambayo si asidi bali ni maji yaliyokenekwa, yaani yaliyochemshwa yakawa mvuke, na mvuke ukapozwa ukawa maji tena, chumvi zote zikabaki nyuma. Natumbukiza nyaya mbili zilizounganishwa na betri za tochi na taa ndogo: giza. Natia chumvi ya mezani, nusu kijiko cha chai, nakoroga: taa inawaka. Sikuongeza betri wala sikubadili waya. Nilichoongeza ni washenga.

Machungwa yangu, hata hivyo, yana upungufu mmoja mkubwa: zinki ikiisha imekwisha, na kuyarudishia umeme hakutaurudisha msumari ulivyokuwa. Betri ya kuchajiwa ni ile ambayo mabadiliko yake yaweza kurudishwa nyuma, na ya kwanza iliyofaa iliundwa mwaka 1859 na Mfaransa Gaston Planté, kwa mabamba mawili ya risasi yaliyoviringwa pamoja bila kugusana na kuzamishwa katika tindikali ya salfa iliyochanganywa na maji. Ukoo wake ndio huu ulio mezani. Ndani ya sanduku hili mna vyumba sita, kila chumba volti mbili, jumla kumi na mbili. Katika kila chumba mna mabamba ya oksidi ya risasi yenye rangi ya kahawia, na mabamba ya risasi tupu yenye rangi ya kijivu, laini kama sifongo, na baina yake kiowevu chenye tindikali kadiri ya theluthi moja ya uzito wake.

Na hapa pana jambo ambalo ningependa kila mwenye gari, pikipiki au umeme wa jua alihifadhi. Katika betri nyingi kiowevu hupitisha tu. Katika betri ya risasi kiowevu hupitisha na tena hutoa mali yake mwenyewe. Betri inapotumika, tindikali huondoka katika maji na kuingia katika mabamba yote mawili, yakageuka kuwa salfati ya risasi, na mahali pake huzaliwa maji. Inapochajiwa, tindikali hutoka mabambani ikarudi majini. Kwa hiyo kiowevu kizito ni dalili ya betri iliyoshiba, na kiowevu chepesi ni dalili ya njaa. Hii ndiyo hekima ya kile kibomba cha kioo chenye boya ndani, hidromita, anachokishika fundi.

Juma lililopita niliketi karibu na kutwa nzima katika karakana ya fundi huyu aliyeniazima betri. Akaja kijana wa bodaboda, amepakia betri ya umeme wa jua ya babu yake, akisema imekufa. Fundi hakukimbilia kuichaji. Alifuta vumbi juu kwa kitambaa kibichi, akafungua vifuniko sita, akavipanga kwa utaratibu juu ya ubao, akamulika tochi ndani ya kila tundu. Kisha akafyonza kiowevu kwa hidromita, chumba baada ya chumba, akinitajia namba kama mtu asomaye uradi. Vyumba vitano vilisoma karibu na 1.20, maana yake uzito wa kiowevu ulizidi uzito wa maji kwa sehemu 20 katika mia. Betri iliyoshiba husoma 1.26 hata 1.28. Chumba cha nne kilisoma 1.08. “Huyu ndiye mgonjwa,” akasema, “hao wengine wanamfuata.” Akanionyesha juu ya mabamba ya chumba hicho unga mweupe mgumu, nao ni ile salfati iliyoachwa bila kuchajiwa siku nyingi hata ikagandamana kuwa fuwele zisizorudi tena. Kisha akamuuliza kijana: “Mlikuwa mnaongeza maji gani?” Kijana akajibu pasipo kuficha: “Ya kisima, fundi.”

Jibu hilo lilinirudisha nyuma miaka mingi. Nilipokuwa mdogo niliishi kwa mjomba wangu upande wa mlimani, njia ya kwenda Amani, naye alikuwa na betri moja ya gari iliyompatia redio na taa ya sebuleni. Kila baada ya majuma mawili aliifunga juu ya keria ya baiskeli akateremka nayo Muheza kuichajisha, na jioni akaipandisha tena kilima, akisukuma. Siku moja aliniachia fedha nikanunue maji ya betri na kuijaza. Mimi, kwa uvivu wa kuteremka mjini, nikachota maji mtungini nikajaza vyumba vyote sita hata shingoni. Hakuna aliyejua. Lakini tangu juma lile betri ikawa inaishiwa nguvu ikiwa imekaa tu, redio imezimwa, na haukupita mwaka ikafa. Nilipokiri, mjomba hakunipiga. Aliniketisha akaniambia: “Mpwa wangu, usiijaze betri kama mtungi. Angalia kwanza kilichopungua ni kitu gani.”

Ilinichukua miaka kufahamu jinsi neno hilo lilivyokuwa la kweli. Kinachopungua katika betri nzima ni maji peke yake: mengine huchukuliwa na joto, na mengine, wakati wa kuchaji kupita kiasi, huvunjwa na umeme yakawa gesi ya oksijeni na ya hidrojeni. Tindikali haiendi popote. Kwa hiyo anayeongeza tindikali kila maji yanapopungua huifanya kuwa kali kupita kiasi, ikayala mabamba. Na anayeongeza maji ya kisima huingiza wageni asiowajua. Kloridi iliyo katika maji ya chumvi huila risasi. Na chuma, ambacho ardhi yetu nyekundu hukitoa kwa ukarimu, ni kibaya kwa namna ya pekee, kwa sababu ayoni ya chuma hupokea elektroni katika bamba moja, ikaogelea, ikaitoa katika bamba la pili, ikarudi tena kuchukua nyingine, na hivyo usiku na mchana, pasipo elektroni hizo kupita katika waya wa nje hata mara moja. Ikiwa ayoni za tindikali ni mshenga, basi chuma ni mfitini: naye huingia huku akatokea kule, lakini safari zake huivunja posa. Redio ya mjomba ilizimwa, ilhali betri ilikuwa ikifanya kazi ya bure gizani.

Joto nalo lina hesabu yake. Kanuni ya mafundi wa dunia nzima ni kwamba kila nyuzi kumi za Selsiasi zinazozidi, umri wa betri ya risasi hupungua kadiri ya nusu. Kwa hiyo betri iliyowekwa chini ya bati lisilo dari, hapa kwetu, imehukumiwa mapema. Iwekwe mahali penye kivuli na hewa. Hewa ni sharti, kwa sababu gesi ya hidrojeni ikifika sehemu 4 katika mia ya hewa yaweza kulipuka kwa cheche moja ya sigara au ya waya. Na anayechanganya tindikali na ajue kanuni isiyovunjwa: tindikali humiminwa katika maji, polepole, wala maji hayamiminwi katika tindikali, kwani joto linalozuka hapo huyachemsha maji ghafula yakamrukia mtu usoni. Ikimrukia machoni, aoshwe papo hapo kwa maji mengi safi, robo saa nzima na zaidi, ndipo apelekwe hospitali.

Sasa nayatazama mavazi yenu, na ndani ya karibu kila mfuko naona betri ya namna nyingine, ndogo, nyembamba, isiyo na kifuniko cha kufungua. Hiyo ni betri ya ayoni za lithi, na kisa chake ni ushahidi ulio wazi kuliko wote kwamba kiowevu chaweza kuwachelewesha au kuwafanikisha mabingwa. Maji yana mpaka wake: ukiyakaza kwa umeme unaozidi volti 1.23, kwa kanuni huvunjika. Betri ya risasi hufaulu kuuruka mpaka huo kwa sababu tu risasi ni nzito katika kuzitoa gesi hizo. Lakini seli ya lithi ina kadiri ya volti 3.7, na lithi yenyewe ikikutana na maji huwaka ghadhabu. Basi ilibidi maji yafukuzwe kabisa, na mahali pake patafutwe kiowevu kingine kinachoweza kuyeyusha chumvi ya lithi.

Mwaka 1980, mjini Grenoble huko Ufaransa, mtafiti kijana Rachid Yazami, Mwafrika mwenzetu aliyezaliwa Fes nchini Moroko mwaka 1953, alionyesha kwamba lithi yaweza kuingia na kutoka katika grafiti, ambayo kwa umbile lake ni kurasa juu ya kurasa kama kitabu. Ilimbidi atumie elektroliti yabisi, kwa sababu kiowevu kilichozoeleka wakati ule, propilini kaboneti, kilijipenyeza baina ya kurasa pamoja na lithi na kuzipasua, kama mvua iharibuvyo msahafu ulioachwa uani. Hata Sony walipoileta sokoni betri ya ayoni za lithi mwaka 1991, walitumia kaboni ya namna nyingine badala ya grafiti. Ufumbuzi ulikuja kwa dada yake kiowevu kile, ethilini kaboneti, aliyepungukiwa na tawi moja dogo tu la kaboni na hidrojeni. Mwaka 1990 Jeff Dahn na wenzake huko Kanada walieleza kwamba katika kiowevu hicho, siku ya kwanza ya kuchaji, sehemu ndogo huvunjika na kujenga juu ya grafiti utando mwembamba mno, ambao huzipitisha ayoni za lithi na kuzizuia elektroni. Kwa maneno mengine, kiowevu kinajitolea kidogo ili kilichobaki kisalimike. Tawi moja dogo katika umbo la chembe, na grafiti, ile ile iliyolala katika milima yetu ya Mahenge, ikawa bidhaa inayotafutwa na dunia. Mwaka 2014 Yazami alitunukiwa Tuzo ya Draper ya uhandisi pamoja na mabingwa wenzake wa betri hiyo, John Goodenough, Yoshio Nishi na Akira Yoshino. Na mwaka 2019 Goodenough, Yoshino na Stanley Whittingham wakapata Nobel, Goodenough akiwa na umri wa miaka 97.

Kiowevu hiki cha simu, hata hivyo, si maji. Ni jamaa ya mafuta na spiriti, nacho huwaka. Betri ya simu mnayoiona imevimba, imevimba kwa gesi zilizotokana na kiowevu kilichovunjika, ama kwa joto, ama kwa chaji isiyo na kiasi, ama kwa uzee. Msiitoboe ili ipungue, kama nilivyoona vijana wakifanya; mabamba yake yakigusana kwa ndani, joto huzaa joto, na moto wake hauzimwi kwa kupuliza.

Wako pia walioligeuza jambo zima juu chini. Huko Sydney, Australia, katika miaka ya 1980, Maria Skyllas-Kazacos na wenzake waliunda betri ambayo nguvu yake yote imo katika kiowevu chenye madini ya vanadi, kinachotunzwa katika matangi mawili na kusukumwa kwa pampu. Ukitaka akiba kubwa, huongezi bamba, waongeza tangi. Nchi yenye jua kama yetu itafaa ilifikirie hilo, kwani jua la mchana ni kama maporomoko ya Mto Pangani: nguvu isiyohifadhiwa hupita ikaenda zake baharini.

Ndugu zangu, nimefika mahali panaponiuma. Betri hufa, na inapokufa huyu mshenga hubaki ndani yake, tindikali iliyobeba risasi. Kule Mombasa, katika kitongoji cha Owino Uhuru, ambacho wakazi wake ni kadiri ya 3,000, palijengwa kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu ili kupata risasi. Moshi uliingia majumbani, na maji machafu yenye tindikali yakatiririka katika vijito ambavyo watu walivitumia kuogea na kupikia. Mwaka 2009 mama mmoja aliyeajiriwa pale, Phyllis Omido, alimpeleka mwanawe hospitali kwa ugonjwa usiofahamika, na damu ya mtoto ikakutwa na risasi. Aliacha kazi, akasimama, akatishwa, akakamatwa, asinyamaze. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014. Mwaka 2015 akapewa Tuzo ya Goldman ya mazingira. Mwaka 2020 mahakama iliwaamuria wakazi fidia ya shilingi za Kenya bilioni 1.3, na baada ya rufaa ndefu Mahakama ya Juu ikaithibitisha fidia hiyo mwezi wa Desemba 2024. Shilingi hizo ni insafu, lakini wengine walikufa wakizingoja. Risasi ikiisha kuingia katika ubongo wa mtoto, akili iliyopunguzwa hairudishwi kwa hukumu, na Shirika la Afya Duniani limekwisha kueleza kwamba hapana kiasi cha risasi kijulikanacho kuwa salama.

Mombasa si mbali, na wala hatuhitaji kiwanda ili kufanya dhara hilo. Nimeona kwa macho yangu, katika miji zaidi ya mmoja ya ukanda huu, mnunuzi wa vyuma chakavu akiipindua betri na kuimwaga kando ya mfereji kabla ya kuipima, kwa kuwa yeye hununua risasi wala hanunui maji. Majani huungua mahali pale, kisha mvua hunyesha, majani yakaota tena, na watu wakadhani yamekwisha. Tindikali kweli hutulizwa na chokaa au magadi. Risasi haitulizwi na kitu. Hubaki udongoni, mahali ambapo kuku hudona na mtoto hutambaa. Maji yetu, ya visima na ya Mto Zigi unaoanzia katika milima ya Amani na kunywewa hata Tanga mjini, ni amana, nayo haiko mikononi mwa idara ya maji peke yake.

Kwa hiyo naomba mambo matatu, yote madogo. Mafundi wetu wasimamishe hidromita mbele ya mteja na kumsomea namba, kwani mteja aliyeona kwa macho hatatia tena maji ya mtungi. Skuli zetu za sekondari zifundishe elektroliti kwa chungwa na kwa maji ya visima vya hapa hapa, yapimwe chuma chake na chumvi yake. Wilaya hii si ngeni kwa elimu ya kemia: Wajerumani walifungua Amani, mwaka 1902, chuo cha utafiti wa viumbe na kilimo, na wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, njia ya bahari ilipozibwa, dawa ya kwinini ilitengenezwa huko huko mlimani. Na wanunuzi wa betri kuukuu wazipokee zikiwa na maji yake, wazilipie kwa uzito wote, na wazipeleke kwa wenye kibali cha kushughulikia taka za hatari. Nanyi wauzaji mkubali bei ya kilo ipungue kidogo kuliko kuliachia shimo la nyuma ya nyumba likamilishe hesabu.

Kesho asubuhi nitairudisha betri hii kwa mwenyewe. Nitaibeba wima, vifuniko vyake sita vimekazwa, na maji yake yote ndani, kama ilivyonijia. Naye ameniahidi kuwa atakuwa na pipa la plastiki lenye mfuniko, mahali pa kivuli, kwa kila itakayoletwa hivyo hivyo. Nitapita njia ya sokoni saa mbili. Mwenye ya kwake iliyolala nyuma ya nyumba na aje nayo, tutafuatana.